Sufuria za Estelle

Rémy, kijana wa Lubumbashi mwenye shati jeupe na haraka nyingi, alizipiga teke sufuria za Estelle katikati ya soko la Likasi. Zilitawanyika kwa kelele. Wanawake walicheka; Estelle, kikwembe cha kijani kimemkaa sawasawa, alishika kiuno.

"Papa, macho yako iko wapi?"

"Ilikuwa inakuangalia weye, mama."

Uongo mtamu huo! Alinunua sufuria moja asiyoihitaji, na tangu hapo simu hazikukatika.

Rémy alikuwa kwenye tume iliyochunguza jinsi helikopta ya jeshi ilivyogongana na ndege ya abiria juu ya Kambove. Rubani wa helikopta, aliyekufa humo, alikuwa Floribert, kaka yake Estelle, yaya kama alivyomwita.

"Chéri, yaya yangu hakupotea njia," Estelle alimwambia kila jioni. "Onyesha bantu ukweli."

"Nitaonyesha, chérie."

Kisha Rémy akanyamaza. Simu iliita bure. Estelle aliapa kwamba kuna mwanamke Lubumbashi, mpaka Rémy alipobisha mlango, macho mekundu.

"Sina mwanamuke. Nilikosa namna ya kukuambia. Altimètre ya Floribert haionekane. Bila ile, rapport ya tume itasema njo yeye alipanda mu njia ya ndege."

"Altimètre iko namna gani?"

Alimwonyesha picha kwenye simu: kitu cha mviringo kama saa, uso mweusi, mishale myeupe, cha kumwambia rubani yuko juu kiasi gani.

Estelle aliketi sakafuni. Asubuhi ya ajali, kabla majina ya waliokufa hayajatangazwa, wachimbaji wa Kambove walimletea gunia la alumini kwa baiskeli, kama kila wiki. Hakuuliza limetoka wapi. Likasi nani huuliza? Ndani kilikuwamo kitu kama hicho; kioo chake alikivunja mwenyewe. Mjomba wake wa mtaa wa Panda aliyeyusha vyote, akamimina sufuria, zile alizozipiga teke Rémy.

"Njo minye, Rémy. Minye niliivunja."

Rémy alilia naye. "Tuoane hata vile."

"Mama yangu atakupatia chakula, weye mwenye uliandika mutoto yake alikosa? Na minye nitamuambia nini?"

Rémy alipanda basi la Lubumbashi, akaacha mlangoni sufuria aliyoinunua sokoni.

Mama yake Estelle si mtu wa kutupa kitu. Anasongea bukari, ugali wao, kwenye sufuria hiyo, na kabla ya kula anamwomba Mungu amfichue aliyeficha ukweli wa Floribert.

"Amina," anasema Estelle, na kunyoosha mkono kwenye sahani.