Neno Moja Kwenye Fomu ya Nenden

Siku ile mjinga alikuwa Dadan, na tulimalize hilo mapema. Zilibaki saa mbili tu dirisha la maombi ya ruzuku za nishati safi lifungwe, naye alikuwa amesimama kwenye duka la fotokopi nyuma ya chuo, jijini Bandung, katikati ya msongamano wa watu. Alibandika stempu ya serikali kwa uangalifu mkubwa, kisha akatia saini yake ya madaha pembeni, isiiguse hata kwa mkia.

"Kang, hiyo itarudishwa," sauti ikasema nyuma yake, ikimwita kaka kwa lugha ya huko.

Akageuka. Dada mwenye mtandio wa rangi ya haradali, kakumbatia bunda la mitihani, anamtazama kama anayesahihisha.

"Irudishwe kwa nini? Saini si hiyo hapo?"

"Saini lazima ikanyage stempu. Wewe umeikwepa kama nyoka."

"Sikutaka ichafuke."

Foleni nzima ikacheka. Mwenye duka akatangaza kwamba stempu zimekwisha. Dadan akalowa jasho, shati lake la batiki likamganda mgongoni. Yule dada akafungua pochi, akatoa stempu yake.

"Chukua. Yangu ni ya mkataba wa chumba, inaweza kungoja kesho. Ila vifungo vya shati umevipishanisha. Vipange, wasije wakadhani umevalishwa na adui."

Aliitwa Nenden, mhadhiri wa biolojia, na bakteria alikuwa akiwajua kama majirani zake. Dadan alikuwa mhandisi, kwao Sumedang, kwenye mtaa ambao kila nyumba ni jiko la tofu, yale maziwa ya soya yanayogandishwa kama jibini. Maji machachu yanayobaki tofu ikishaganda humwagwa mtoni. Soya huchemshwa kwa kuni, na mama yake, Ma Icoh, alikuwa ameukohoa moshi huo miaka thelathini. Dadan alitaka bakteria wayageuze maji yale kuwa gesi, gesi ichemshe soya, kuni zipumzike, na mama yake apumue. Mtambo wa majaribio wenye ukubwa wa pipa alikuwa nao. Wa mtaa mzima, bila mfuko wa serikali, ulikuwa ndoto.

Wiki iliyofuata alimpelekea Nenden tofu za moto kwenye kikapu cha mianzi, na pilipili mbichi juu yake. Ya stempu yakaishia hapo, yakaanza ya simu, Dadan akimwita Neng, yaani dada mdogo.

"Umekula, Kang?"

"Nimekula sauti yako, Neng."

"Haina protini hiyo. Kata simu ukale."

Miezi mitano ikaenda hivyo. Kisha mjumbe mmoja wa jopo la kupima maombi ya ruzuku akaugua, Nenden akaitwa kuziba nafasi, huku akiapishwa asimwambie mtu chochote kabla ya matokeo kutangazwa. Mezani akakuta orodha na fomu. Namba kumi na tisa: Dadan. Fomu ikauliza: una uhusiano wowote na mwombaji yeyote? Nenden akachukua kalamu. Akaandika neno moja, na ilipofika zamu ya namba kumi na tisa akabeba mkoba wake, akatoka nje kama kanuni inavyotaka.

Waliobaki walikuwa mabingwa wa jua na upepo. Wakaulizana bakteria watafanyaje baridi ya mlimani ikishuka Sumedang. Aliyekuwa na jibu alikuwa kwenye korido.

Rafiki mmoja wa Dadan, aliyekuwa akiwapelekea wajumbe chai, akampigia. "Bwana, walipokufikia wewe, Nenden wako alinyanyuka akaenda zake!"

Dadan hakungoja hata hasira ipoe. Akapiga simu.

"Ulitoka, Nenden?"

"Siwezi kuliongelea mpaka watangaze, Kang. Niamini."

"Unanionea aibu, siyo? Mtoto wa muuza tofu."

"Dadan! Hebu nisik—"

Akakata. Siku tisa simu ikalia, hakupokea.

Siku ya kumi matokeo yakatoka, jina la Dadan halimo. Kesho yake asubuhi Nenden akapanda gari la kwanza la Sumedang, amevaa gauni la buluu aliloambiwa na Dadan kwamba linampendeza. Alimkuta akikoroga sufuria la soya, macho mekundu, moshi ukisingiziwa.

"Nani huyo?" Ma Icoh aliuliza kutoka chumba cha ndani, kikohozi kikimkatiza.

"Ni mimi, Ma. Nenden."

"Afadhali! Huyu kanuna mpaka tofu zinakataa kuganda."

Dadan hakugeuka. Nenden akaja akasimama mbele yake, upande wa pili wa sufuria.

"Sasa naruhusiwa kusema. Fomu iliuliza kama nina uhusiano na mwombaji. Nikajibu."

"Ungeacha wazi! Nani angejua? Wewe tu ungeweza kuwaambia kwamba baridi haiwaui bakteria wangu. Sasa Ma akohoe mwaka mwingine, kisa kijisanduku kimoja cha fomu!"

Kikohozi kikasikika tena kutoka ndani. Nenden akashusha sauti.

"Namsikia, Kang. Nililia chooni siku ile, kama ulikuwa hujui. Lakini ningekaa, halafu ikaja kujulikana, wangekufuta wewe na mtambo wako milele. Nimejitoa kwenye jopo. Mwakani tunaomba pamoja, na hao bakteria nitawaeleza mimi mwenyewe."

Mwiko wa Dadan ukasimama. Hasira ilikuwa imemwishia, lakini mwanamume akishaanza kubisha hajui pa kushukia.

"Kwani uliandika nini? Rafiki?"

"Mchumba."

"Mchumba? Neng, mimi sijakuposa! Umeandika uongo!"

Huko ndani Ma Icoh akatega sikio. Hata kikohozi kilikuwa kinasikiliza.

"Basi nimeidanganya serikali kwa maandishi," Nenden akasema, akimpokonya mwiko na kuanza kukoroga, "na kosa hilo lina kifungo. Jumapili baba yupo nyumbani. Utakuja na Ma, au utaniletea tofu gerezani?"