Kiungo Kilichooza Mnarani

Owuor alikuwa amelala chali chini ya mnara wa redio, shingo imevunjika, mkanda wa usalama ungali kiunoni. Bisibisi yake ilikuwa imechomeka kwenye nyasi karibu na bega.

Inspekta Kosgei wa upelelezi, Nakuru, alichuchumaa kando yake. Ilikuwa adhuhuri, Juni 1958, na mawingu yalikuwa yakipanda kwa kasi nyuma ya mlima Menengai. Mvua ikifika, ingeosha kila kitu.

Mnara ulikuwa wa Bwana Tindall, mkulima wa Kiamunyi aliyependa kuzungumza na watu wa mbali kwa redio aliyoiunda nyumbani. Mwenyewe alikuwa safarini Uingereza. Owuor alikuwa fundi wake, na asubuhi hiyo alikuwa amepanda kutengeneza kiungo cha waya wa antena. Waliokuwepo ni wawili tu: Chepkemboi, mama aliyetunza nyumba, na Makokha, msaidizi wa fundi aliyeajiriwa majuzi.

Makokha alieleza kwamba fundi aliteleza. Konstebo Kiprugut alikuwa amekwisha kuandika: ajali.

Kosgei aliugeuza mkono wa kulia wa marehemu. Katikati ya kiganja palikuwa na alama nyeupe iliyochimba ngozi, na pembeni nyama imeiva.

"Futa hiyo ajali," alimwambia Kiprugut. "Huyu ameunguzwa."

Waya wa antena haumchomi mtu ikiwa mtambo umezimwa. Aliingia chumba cha redio mbiombio, akaweka kiganja juu ya transfoma. Ilikuwa bado na joto.

Chepkemboi alisema Owuor hakuwa na mchezo na umeme. Kabla ya kupanda alizima swichi, akachomoa fyuzi, akampa Makokha aitie mfukoni, akakataza mtu yeyote asiguse mtambo mpaka ashuke.

Kosgei alimgeukia Makokha. "Fyuzi iko wapi?"

"Niliiacha mezani jikoni, afande. Mfuko wangu umetoboka."

"Nani alikuwa jikoni?"

"Huyu mama."

Chepkemboi aliapa hakuigusa. Kiprugut alikuwa ameshatoa pingu. Siku zile za hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, mtumishi aliyetajwa katika kifo hakukawia kufika kizuizini, na Kosgei alijua kwamba akikosea, mama huyu hangerudi kwake upesi.

Fyuzi waliikuta mahali pake, ndani ya mtambo. Kosgei aliichomoa, akaitia mfukoni mwake mwenyewe. Halafu wote wakarudi nje, akakagua ndoano ya mkanda wa marehemu. Ilikuwa nzima. Basi Owuor aliifungua kwa mkono wake, labda ili ajisogeze upande wa pili wa chuma, na hapo hapo umeme ukampiga. Aliyeuwasha alikuwa akimtazama.

"Nipe huo mkanda," alisema. "Ninapanda nikaone hicho kiungo."

Kiprugut alimkumbusha mvua. Kosgei alijifunga mkanda.

Hakuwa amewahi kupanda kitu kirefu kuliko mti. Upepo ulimpiga mgongoni, mnara ukawa unaimba chini ya viatu vyake, na radi ikanguruma upande wa Menengai. Alifunga ndoano, akapanda, akaihamisha, akapanda tena, akijizuia kutazama chini. Alipokifikia kiungo, alitamani kupiga kelele kwa furaha.

Kiungo kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani. Utepe wake wa zamani ulikuwa umepasuka, waya wa ndani umekatika. Uozo huo haukuwa wa juzi.

"Mama," aliita, "redio hii iliharibika lini?"

"Tangu mvua ndefu ya mwaka jana," Chepkemboi akajibu kutoka chini. "Bwana alikuwa akilalamika hasikii watu wa Molo. Owuor akamwambia amepanda, ameshakikaza kiungo."

Neno Molo lilipotajwa, Makokha aliruka ua akakimbia.

Kiprugut alimfuata, lakini baada ya hatua chache shamba la mkonge lilimmeza Makokha. Chini hakuna aliyemwona tena. Juu, Kosgei alimwona kama panya juu ya mkeka.

"Kushoto, Kiprugut! Anakata kwenda barabarani. Zunguka mtaro!"

Konstebo alizunguka. Makokha alichomoka kwenye mkonge akaangukia mikononi mwake, na matone ya kwanza yakaanza kupiga mnara. Kosgei alishuka akiwa amelowa chapachapa.

Walimketisha jikoni. Makokha hakukana. Alisimulia kwamba alikuwa karani wa kiwanda cha mbao Molo, na mwajiri wake, mpenzi wa redio kama Tindall, alimfunza kuitumia. Mwaka jana mke wake, Nasimiyu, alishikwa na uchungu mvua ikiwa imebeba daraja na nguzo za simu. Ilibaki redio tu. Kila alasiri Tindall alikuwa akisikiliza, na daktari alikaa jirani yake.

"Niliita mpaka sauti ikanikauka," alisema. "Nasimiyu alikuwa akiniuliza wamesema nini. Nikamwambia wanakuja."

"Alifariki?"

"Yeye na mtoto."

Alikuja Kiamunyi kutafuta kazi kwa sababu alitaka kujua tu kwa nini hakujibiwa. Asubuhi ile Owuor, akijifunga mkanda, alimwambia kwa kicheko kwamba tangu mwaka juzi hajafika kule juu. Mzungu wake alimdanganya tu, naye akaridhika. Wakati huo fyuzi ilikuwa tayari mfukoni mwa Makokha.

Kosgei alivuta kiti akaketi mbele yake. "Ulitaka kumshtua, au ulitaka afe?"

Makokha alimtazama Chepkemboi, akamwomba radhi kwa kumsingizia. Kisha akamgeukia inspekta.

"Nilirudisha fyuzi, nikasimama kwenye dirisha la chumba cha redio, kidole kwenye kibonyezo cha mtambo," alisema. "Alikuwa amejifunga. Ningebonyeza wakati ule, angeungua mkono tu, akashuka akinitukana. Nilingoja afungue ndoano."