Bega Lililopanda

Kila jioni, mama yake akikata nguo, Chiriku alifanyia kazi za shule kwenye meza ile ile, kati ya chaki na mkasi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiopoa.

Jioni moja akaita, "Mama, njoo uone!"

Kipepeo alikuwa ametua dirishani. Alifungua mabawa, akayafumba, akayafungua tena. Kila doa la kulia lilikuwa na pacha wake kushoto.

"Mwalimu alisema! Ukimkunja katikati, nusu zinalaliana. Sisi pia. Lakini kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini kama nyota, mikono yake mitano imezunguka kitovu kama miali ya jua. Na sifongo wa baharini, wengi wao hawana hata kulia wala kushoto!"

Mama akaduwaa, mkasi mkononi. "Kumbe! Na mimi hukunja kitambaa nikakata mara moja. Mungu alikuwa fundi kabla yangu. Haya, simama tujaribu sare."

Sare ilikatwa kwenye mkunjo, nusu sawa na nusu. Hata hivyo, pindo la kulia lilipanda. Mama akavuta, likapanda tena. Akapima kwa futi: bega la kulia lilikuwa juu kwa upana wa kidole. Akautupia jicho mkoba wa shule uliokuwa chini ya meza.

"Mkoba unaubebaje?"

"Kwa mikanda yote miwili, mama."

Mama akauchukua. Mkanda wa kulia ulikuwa umechakaa. Wa kushoto ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kwa pini, mpya kama siku alipoushona.

"Pini hii haijui kudanganya, mwanangu."

Chiriku akaigusa pini. "Wenzangu wanasema mikanda miwili ni ya watoto wa chekechea," alinong'ona.

Asubuhi walikwenda zahanati. Daktari akapitisha kidole polepole kwenye uti wa mgongo wa Chiriku.

"Mfupa uko salama," alisema. "Misuli ndiyo imezoea kuinua bega ili mkanda usiteleze. Punguza vitabu, binti, uvae mikanda yote miwili. Usisubiri mgongo uanze kuuma."

Chiriku alitii, wenzake wakimcheka hadi wakachoka. Miezi miwili baadaye alivaa sare ile. Pindo lilitulia pande zote. Mama akamgeuza, akamgeuza tena, machozi yakimlenga.

"Nguo nikiikosea, naifumua," alisema. "Wewe, mwanangu, sina kitambaa kingine cha kukukatia. Utunze mwili wako, na ukiukosea, usinifiche."