Mkate wa Mwalimu Onorati

Mkate ule haukuwa na chumvi. Sikuzani alitafuna kipande cha kwanza, akasita, akatafuna cha pili akilitafuta kosa.

"Mwalimu, mkate huu umetoka wapi?"

"Kwa Mungu," alijibu mumewe Onorati, katekista wa Kaole. "Nimepiga magoti njia panda nikaomba riziki. Kufumbua macho, sinia hili hapa: mkate wa mofa, mayai mawili, asali."

"Na chumvi?"

"Vita vimeadimisha chumvi kila mahali. Kula, mke wangu."

Ulikuwa mwaka 1943. Mvua zilikuwa zimekataa, na ofisi ya posho ilikuwa imetangaza kwamba njaa hakuna. Kulikuwa na upungufu wa muda wa chakula, na watu walizikwa kwa upungufu huo. Kila mtu wa Kaole anajua sinia lisilo na chumvi, likiwekwa njia panda saa sita mchana, linamngoja nani. Onorati naye alijua, mpaka tumbo lilipompa elimu mpya. Siku nane mfululizo aliomba palepale, saa ileile, akajibiwa. Siku ya tisa akaiandikia misheni habari za muujiza, nakala kwa ofisi ya posho. Karani akampongeza kwa barua yenye mihuri miwili, kisha akamfuta kwenye orodha ya wanaogawiwa mahindi.

Siku barua hiyo ilipofika, jua likiwa utosini, Sikuzani alikuwa uani akichambua kisamvu, akasikia njuga nyuma ya nyumba, hatua moja, kimya, hatua nyingine, na harufu ya udi ikaingia katika nyumba isiyokuwa na udi wala wa kuufukiza, ikapita jikoni, ikapita chumbani, ikaja kusimama mgongoni kwake, na alipotaka kumwita mumewe ulimi ukageuka wenyewe, na sauti ya mwanamume mzee ikasema kwa kinywa chake:

"Nimealikwa siku nane. Siku nane narudi na njaa."

Alianguka, asile wala asinywe siku mbili. Majirani wakamwita Bi Mwaija, fundi wa pepo, ambaye ndiye aliyekuwa akiyaweka masinia yale kwa ajili ya pepo wa mgonjwa wake. Alimtazama Sikuzani, kisha akamtazama Onorati kwa muda mrefu zaidi.

"Mwalimu, huyu hafiki Jumapili," alinong'ona. "Aliyekula atamke mbele za watu kwamba alikula kisicho chake. Basi. Hata kuku sitaki."

"Taratibu, Bi Mwaija! Padri anakuja Jumapili hiyohiyo kuusikia muujiza."

"Ulikula au hukula?"

"Nililishwa."

"Haya. Basi kaombe na sanda. Njia panda si mbali."

Onorati akatazama mlango. Ndipo Sikuzani akajiinua kwa kiwiko, midomo imempasuka.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti yake mwenyewe, majirani wakisikia, "nilikula nikijua si changu. Nisamehe. Sina mwingine wa kumtegemea."

Harufu ya udi ikakatika. Bi Mwaija, ambaye hata chetezo hajakiwasha, akajishika kiuno kama fundi aliyekuta kazi imekwisha kufanywa.

"Katoka. Bila ngoma! Mungu wako hana makuu, mwanangu." Akamletea uji wa muhogo kutoka kwake. Sikuzani akaunywa wote, akashukuru.

"Kaenda wapi?" Onorati aliuliza.

"Mlikula wawili," alisema Bi Mwaija, akaondoka.

Jumapili Padri alikaa mbele. Onorati alisimama, akafungua kinywa, na sauti ya mwanamume mzee ikatoka, nzito, tamu, ikisema nimealikwa nami nimekuja, enyi mlio na chochote majumbani nileteeni, nina njaa ya miaka msiyoweza kuihesabu, na kanisa zima likaitikia Amina na kububujikwa machozi, maana Onorati hajawahi kuhubiri vizuri namna ile.

"Huyo si mume wangu!" Sikuzani alipiga kelele. Wanaume wawili wakamtoa nje kwa upole, kwa kosa la kuvuruga ibada.

Padri aliandika katika daftari lake: katekista ana moto mpya, aongezewe kazi. Kabla mwezi haujaisha, Onorati alipewa vijiji vingine vitatu, na baiskeli ya kuvifikia.