Nimekubali, Mara ya Kumi na Mbili

"Nimekubali."

"Tena, Karimi. Hiyo ni kama unasoma rejista ya darasa. Weka feeling kidogo."

"Nimekubali."

"Tena."

Hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja. Gedion, mchumba wangu, alikuwa ng'ambo ya meza, mimi nimefunikwa blanketi kichwani ili kelele za soko la Embu zisiingie kwenye kanda. Chuo chake cha kompyuta kilikuwa na chumba kimoja, laini moja ya simu na, mwaka huo wa 1999, gemu moja iliyomtia wazimu. Aliitengeneza na rafiki yake aliyeko Uingereza. Watu wa nchi mbalimbali waliicheza pamoja kwa intaneti, kila mtu na mhusika wake, wakiongea kwa kuandika tu. Sasa walitaka wahusika wawe na sauti. Mimi nilikuwa malkia. Mchezaji akimletea zawadi na kumposa, malkia anajibu, "Nimekubali."

Mara ya kumi na mbili akaridhika. Jumamosi wazee wa kwao wangekuja kwetu Kanja kwa ruracio, kuniposa kweli, akanitania kwamba mazoezi nimeshafanya.

Akaenda posta kununua stempu za kuituma kanda Uingereza, maana kutuma sauti zote hizo kwa laini ile kungechukua siku nyingi. Nikabaki kuisikiliza kanda kabla ya kuifunga. Malkia alifika neno lake la mwisho. Gedion ni bahili wa kanda, hurekodi juu ya zilizotumika, kwa hiyo baada ya malkia ikafuata sauti yake mwenyewe, barua ya sauti ambayo labda hakuwahi kuituma.

"Veronicah, mpenzi, usiskie vibaya. Hiyo ruracio ya Kanja ni ya kunyamazisha wazazi, na Karimi namhitaji mpaka hizi sauti ziishe. Wewe kaa hapo Mitunguu. Nitakuja."

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Sikulia. Nilikufa ganzi tu, halafu nikahisi njaa, nikala mandazi yake yote yaliyokuwa mezani.

Aliporudi nilimbonyezea kitufe. Akasikiliza amesimama, stempu mkononi.

"Hiyo ni ya kitambo."

"Umetaja ruracio, Gedion. Ya kwetu ni juzi tu tumepanga."

Akasema wazee washaalikwa, mbuzi washanunuliwa, tusiaibishe watu, tutaongea baadaye. Akaichukua kanda, akafuta kipande chake na kuacha changu.

Jumamosi nyumba ilijaa. Nilitembezwa mbele nikiwa na leso mpya mabegani. Sisi watu wa kanisa hatuweki pombe, wageni huleta uji kwenye kibuyu, lakini sheria ni ileile: hakuna mzee anayeonja mpaka msichana aulizwe na kukubali. Baba, Mzee Nthiga, akakishika kibuyu.

"Karimi, hawa wageni unawajua?"

"Nawajua, Baba."

"Basi uji wao tunywe?"

Gedion alinikazia macho. Midomo yake ikalitamka lile neno kimyakimya, kama alivyozoea kunielekeza.

"Msinywe, Baba."

Baba akaniuliza mara ya pili, nikajibu vilevile, akakiweka kibuyu chini. Mama alipotaka kujua sababu, nilimwambia amuulize Gedion habari za Mitunguu. Gedion akainamia viatu vyake. Mbuzi wakafunguliwa, wakarudi na waliowaleta. Hata hapo sikuhisi kitu.

Miezi mitatu baadaye nikapata barua ya yule rafiki wa Uingereza. Hakuwa na habari ya yaliyotokea. Alinishukuru, akasema gemu imefunguliwa na wachezaji wanaipenda sauti yangu; wiki hiyo pekee mia tatu walikuwa wamemposa malkia, naye amewakubali wote.

Niliisoma shambani, kikapu cha majani chai mgongoni. Nikamsikia vizuri yule msichana wa chini ya blanketi, akilisema neno lile mara kumi na mbili kwa mtu mmoja. Hapo ndipo nikalia.