Aliyesubirishwa kwenye Laini

Kwanza lilizidi neno moja tu. Mteja akipiga simu pale kwenye kampuni ya vipuri vya mashine za kusaga, sauti iliyorekodiwa ilitakiwa kusema, "Karibu. Taja unayemtaka, nakuunganisha." Siku hiyo ikasema, "Karibu. Taja unayemtaka, nakuunganisha, mwanangu."

Mteja mwenyewe alikuwa mzee wa heshima zake, akaja juu: "Mwanangu nani? Mimi na mvi zangu hizi?" Ofisi nzima ikacheka mpaka machozi. Karani wa mauzo hakucheka. Ile sauti ilikuwa ya shangazi yake, na siku ya kurekodi alikuwa amekaa pembeni yake. Neno hilo halikusemwa.

Ngoja nieleze, maana nisipoeleza mtasema nawapiga kamba. Shangazi ndiye aliyemlea huyo karani tangu wazazi wake walipofariki. Alipokea simu za kampuni tangu enzi za swichibodi, lile dubwana la ubao lenye matundu, unapiga simu, yeye anachomeka waya huku, anachomeka kule, mnaongea. Ofisini walimwita Shangazi Waya. Baadaye kikaja kisanduku cha ukutani, kila meza ikapata namba yake, lakini simu za nje bado zilipita kwake. Sasa Meneja, mtu wa kupenda vitu vipya kama mtoto na peremende, akahamishia kila kitu mtandaoni. Mashine inapokea, mashine inaunganisha. Shangazi akaambiwa akapumzike.

Ili asiondoke hivi hivi, wakamwomba aache sauti yake iwakaribishe wateja. Eti heshima! Akakataa. Wakambembeleza, hadi karani naye akasema, "Shangazi, usituangushe bwana." Akarekodi huku anatetemeka, na hakuna aliyemuuliza anatetemeka nini.

Tangu hapo sauti ikaanza kumkauka nyumbani. Wakadhani mafua.

Ofisini watu walianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Meneja alimshuku karani kwamba anachezea mashine kulipiza kisasi cha shangazi yake. Mtunza stoo alimshuku Meneja, maana yeye humshuku Meneja hata mvua ikinyesha. Karani alimshuku kila mtu, na usiku alijishuku mwenyewe.

Halafu siku moja, saa ya chakula cha mchana, mtunza stoo akatoka stoo mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Simu ya stoo imeita," alimnong'oneza karani. "Nikapokea. Shangazi yako akasema nakuunganisha. Kisha kimya. Kuna mtu anahema, na simu inanuka, wallahi inanuka waya unaoungua. Halafu akaniita jina langu la utotoni."

"Nani alikuita?"

"Jina lile alilijua mama peke yake, dada. Na mama nilimzika mimi."

Karani hakungoja ruhusa. Alikimbilia nyumbani, akamkuta Shangazi amekaa kitandani, shingo ameifunga kitambaa. Alipomwambia habari ya harufu, bibi yule alifumba macho.

"Basi amepita," alisema, kwa sauti ndogo mpaka karani akasogeza sikio. "Alikuwa akipiga tangu enzi za ubao. Namuuliza, nani mwenzangu? Anacheka. Waya unaanza kunuka. Namwambia subiri kwenye laini. Maisha yangu yote ya kazi sikumwambia karibu, wala sikumwambia nakuunganisha. Akizidi, nachomoa waya. Jini hapiti mlango asiokaribishwa."

"Mbona hukutuambia, Shangazi?"

"Niseme nini? Mngeniita kichaa, nifukuzwe. Wewe ungekula nini?" Akakohoa. "Mashine yenu inamkaribisha kila anayepiga, tena kwa sauti yangu. Kila akiunganishwa, ananinyofoa kidogo. Akimaliza sauti atataka na pumzi. Kaifuteni, mwanangu. Kaifuteni kabla sijaisha."

Karani alirudi kazini analia njia nzima, wala hakujali nani anamtazama. Ni yeye aliyembembeleza. Akaingia kwa Meneja bila kubisha hodi.

"Ile sauti ifutwe. Leo hii."

Meneja akaegemea kiti. "Shangazi yako anataka kazi yake, si useme tu? Vitisho vya nini?"

"Anakufa, Meneja!"

"Watu wazima na majini, jamani..."

Simu ya mezani kwake ikawaka yenyewe. Haikuita. Mkono wa simu ulikuwa umelala mahali pake, na sauti ya Shangazi Waya, safi, tamu, ikasema, "Usimsikilize, Meneja. Hapa tumezoea."

Meneja aliruka kitini, rangi imempotea. "Fundi!" alipiga kelele. "Niitieni fundi!"

Fundi alikuja na kompyuta yake kwapani, na harufu ikampokea mlangoni. Sasa simu za meza zote zilikuwa zimewaka, zinahema pamoja.

"Chomoa!" Meneja alisema. "Chomoa waya!"

"Nichomoe waya gani, bosi? Sauti haikai humu tena. Iko mtandaoni."

"Mtandaoni wapi?"

Fundi akanyoosha mkono, akauzungusha chumba kizima, kisha akauelekeza dirishani, barabarani, kwenye paa za watu, na wote wakaufuata mkono ule kwa macho, wakaanza kuelewa kwamba ubao ulikuwa na waya na kisanduku kilikuwa na waya na mwanamke mmoja aliweza kuunyofoa kwa vidole viwili akaendelea na kazi zake, lakini kile walichonunua wao kwa kujisifu hakikuwa na pa kushika. "Kufuta naweza," alisema, akafungua kompyuta, akabonyeza.

Zikanyamaza zote. Harufu ikapungua, ikaisha. Meneja alijifuta jasho kwa tai yake.

Karani akapiga simu ya Shangazi hapo hapo.

"Haloo, mwanangu!" Sauti nzima, nzito, ile ya zamani. "Koo limefunguka! Nimepona mie!"

"Shangazi!" Alicheka na kulia kwa pamoja, furaha imemjaa mpaka akakaa chini. "Umenitisha wewe! Nisamehe, Shangazi wangu."

"Yamekwisha. Wahi nyumbani, nakusubiri."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia jirani yao amemshika mtu mkono, na mtu huyo alikuwa Shangazi, kitambaa shingoni, mdomo unafunguka na kujifunga bila kutoa hata mlio.

"Ameniburuta nimlete huku," jirani alisema. "Hana sauti kabisa tangu ulipoondoka. Na simu yake hii hapa, imezima, la sivyo ningekupigia."

Karani akatazama simu ile mkononi mwa jirani, kioo cheusi. Simu yake mwenyewe bado ilikuwa sikioni.

"Mwanangu," ikasema, taratibu, kwa upendo wote wa miaka yote ile, "huyo aliyeingia hapo ni nani? Mbona anahema kwa shida?"

Na kweli, Shangazi alikuwa ameanza kuhema kwa shida.