Fanusi za Bi Mwanamkasi

Jioni ile ya kujaribu taa, Fundi Rehani aliona kivuli kimoja kimezidi ukutani.

Alikuwa amechutama mbele ya nyumba, anarekebisha utambi wa fanusi ya mwisho. Mwanga ulipanda juu ya mawe, ukapita kwenye mlango wa nakshi, ukachora ukutani kivuli cha mti wa mkilua na kivuli cha mtungi wa maji. Katikati ya hivyo viwili, juu ya baraza ya mawe, palikuwa na kivuli cha mtu aliyeketi, mikono magotini, kichwa kimeinama kidogo kama anayesikiliza. Rehani akageuka kumtazama mwenye kivuli. Baraza ilikuwa tupu.

Akaisogeza fanusi kushoto. Kivuli cha mkilua kikasogea. Cha mtungi kikasogea. Kile cha tatu hakikusogea.

"Vipi, fundi, zimekaa sawa?" Bi Mwanamkasi aliuliza kutoka ndani.

"Zimekaa, Bi Mkubwa. Bado kidogo tu."

Akaufinya utambi, ukuta ukawa giza. Alipouwasha tena, kile kivuli hakikuwapo. Akajiambia ni macho, amechoka, akakusanya koleo zake akaenda zake mjini.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu kwisha vita vya Hitler, na mafuta ya taa yalikuwa yameanza kuonekana tena madukani Bagamoyo. Rehani alikuwa fundi wa bati. Bi Mwanamkasi alikuwa mjane wa Bwanausi, mtu wa minazi mingi, na tangu mumewe afe aliishi peke yake katika nyumba ya mawe nje ya mji, upande wa Kaole, ambako bustani ilishuka mpaka kwenye tope la mikoko. Bintiye wa pekee, Sada, alikuwa ameolewa Tanga.

"Bwanausi alipokuwa hai," alimwambia Rehani siku aliyomwita, "baraza hii haikukosa mtu. Sasa watu wakipita njia ile wanakaza mwendo, wanadhani ni gofu lililohamwa. Nataka mtu aliye mbali aone kuwa nyumba hii ina mwenyewe."

Rehani alifurahi mno. Maisha yake yote watu walimwagiza koroboi ya jikoni au taa ya kuendea chooni. Hakuna aliyewahi kumwagiza taa za kuipamba nyumba usiku. Alikuja kwanza jioni kadhaa bila taa yoyote, akazunguka tu, akitazama giza linaanzia wapi na jiwe gani linabaki jeupe mwisho.

"Tukiangaza kila kitu, Bi Mkubwa, hatutaona kitu," alimweleza. "Mwanga utoke chini, na taa yenyewe tuifiche. Mgeni auone ukuta, auone mlango, asichomwe macho. Na njia tuiwekee fanusi fupi, zimulike penye kukanyaga tu."

"Na kule mikokoni?"

"Kule tukuache na giza lake. Giza la nyuma ndilo litakaloileta nyumba mbele."

Akatengeneza fanusi zenye kioo upande mmoja na bati pande tatu. Nyingine akazificha nyuma ya vyungu vya maua, nyingine akazipanga toka langoni hadi kisimani na toka kisimani hadi barazani. Zilipowashwa, nyumba ilitoka gizani kama imejengwa jana. Mjini watu waliizungumza. Wengine walitembea mpaka langoni kuitazama, wakasema mashallah, wakarudi makwao. Hakuna aliyepiga hodi.

Baadaye, asubuhi moja, Ashatu alikuja kibandani kwa Rehani. Ashatu ndiye aliyempikia Bi Mwanamkasi, na kila siku aliondoka kabla ya magharibi. Alikaa kwenye kigoda akiwa bado ameshika ushungi wake kidevuni.

"Fundi, umeweka nini kule?"

"Taa. Nini tena?"

"Sema polepole." Akatazama nyuma yake. "Kila nikifika asubuhi nakuta barazani vikombe viwili vya kahawa. Kimoja kimenywewa. Cha pili kimejaa, kimepoa, na juu yake imeganda chumvi. Na pale mahali pananuka tope la mikokoni. Tope na marashi, pamoja."

"Labda anapata mgeni."

"Mgeni gani asiyeacha alama za miguu njiani? Na Bi Mkubwa haulizi tena habari za Sada. Barua ya mtoto wake ipo juu ya kabati, hajaifungua. Chakula hali. Nikimwambia nitalala hapa leo, ananiambia hapana nafasi."

Jua lilipozama, Rehani alikuwa ameshafika kwenye lango la Bi Mwanamkasi. Fanusi zote zilikuwa zinawaka. Bibi alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa baraza, kama mtu aliyempisha mwenzake, anazungumza kwa sauti ya chini, kisha anacheka akijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetoka. Ukutani nyuma yake vivuli vilikuwa viwili.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, fundi. Karibu ukae. Lakini pita upande ule, huku kuna mtu."

Rehani alibaki amesimama. "Ni nani huyo, Bi Mkubwa?"

"Sijamuuliza. Mgeni haulizwi hivyo." Akatabasamu. "Aliziona taa, akaja. Nanyi nyote mliziona."

Maneno hayo yalimwingia Rehani, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amepita njia ile jioni nyingi kutazama kazi yake, akasimama langoni akaridhika, akaondoka. Akasema, "Bi Mkubwa, ngoja nizizime, nizichukue nikazisafishe," akainama kwenye fanusi ya kwanza. Na hapo ndipo harufu ile ilipomfikia, tope la kale lililolowa maji ya chumvi na ndani yake marashi matamu ya kuchefua, na alipoinua macho akaona kile kivuli ukutani, kilichokuwa kimeinama siku zote, kinanyanyua kichwa taratibu, kinakigeuza, kinamwelekea yeye, na kinaanza kusimama, kirefu kuliko mlango, kirefu kuliko ukuta, mpaka kichwa chake kikakunjika juu ya ukingo wa paa, na Bi Mwanamkasi akasema kwa upole kabisa, "Kaa, baba, kaa, anaondoka," na Rehani hakujua alivyolifikia lango wala alivyofika mjini, ila alijikuta mbele ya msikiti, bila viatu, watu wanatoka kuswali isha.

Mapema kesho yake alikwenda Mapinga kumtafuta Mwalimu Mbaruku, aliyesifika kwa kusomea watu. Walifika nyumbani kwa Bi Mwanamkasi baada ya alasiri. Mwalimu alimkalisha bibi kwenye mkeka, Ashatu akamshika mabega, ubani ukachomwa, na kisomo kikaanza. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Jua lilipokuwa linatua, bibi alitikisika mara moja, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito, yenye maji ndani yake.

"Sikuvunja mlango. Niliwashiwa njia."

"Njia hiyo haikuwa yako," alisema Mwalimu Mbaruku. "Toka."

"Nitatoka. Mnamwachia nani badala yangu?"

Ashatu alitazama mkeka. Rehani alitazama mikono yake. Mwalimu akaanza tena kusoma, kwa nguvu zaidi, akimnyunyizia bibi maji, na wote watatu wakasikia hatua za mtu mzito mwenye miguu iliyolowa zikitoka ukumbini, zikipita mlango wa uani, zikishuka bustanini, hatua na tope likinyonya, hatua na tope likinyonya, mpaka zikaishia mikokoni.

Bi Mwanamkasi alifumbua macho, akaomba uji. Kisha akalia, kilio cha mtu aliyefiwa.

"Taa za nje zisiwashwe tena," Mwalimu aliagiza alipokuwa anaondoka. "Na jioni msimwache peke yake. Hilo ndilo kubwa."

Wakampelekea Sada habari Tanga, naye akajibu kuwa atakuja barabara zikikauka. Rehani na Ashatu wakapeana zamu. Jioni za mwanzo walikwenda wote wawili. Bibi alikula, akanenepa kidogo, akauliza habari za mjini. Kisha Ramadhani ikakaribia, kazi za taa zikamjaa Rehani kibandani. Na mtoto wa Ashatu akashikwa na homa. Jioni moja kila mmoja aliamini mwenzake yuko kule.

Kesho yake magharibi, Rehani alipofika, lango lilikuwa wazi na nyumba giza. Vyungu vya maua vilikuwa vimepinduliwa. Fanusi hakuna hata moja. Akaita, hakuitikiwa. Akapita ndani mpaka mlango wa uani, akafungua, akaziona.

Zilikuwa zimepangwa kushuka bustanini, zote zinawaka, zimepeana nafasi sawasawa kama alivyozipanga yeye, zinamulika chini, penye kukanyaga tu. Zilishuka mpaka topeni. Rehani akazifuata, na kando ya kila fanusi aliona nyayo ndogo za bibi, bado mbichi, za miguu mitupu, zimepita upande mmoja wa njia. Upande wa pili tope lilikuwa laini kama mtindi, halina alama yoyote. Fanusi ya mwisho ilisimama kati ya mizizi ya mikoko. Nyayo hazikuishia hapo. Ziliendelea mpaka kwenye maji, nayo maji yalikuwa yanajaa.

"Bi Mkubwa!" aliita. "Bi Mwanamkasi!"

Ashatu, aliyesikia kelele zake toka njiani akamtuma mpita njia kuita watu mjini, alimkuta hapo hapo, sauti imemkauka. Alipoona zile nyayo alikaa chini topeni. Akasema kwa mnong'ono, "Zizime, fundi. Zizime zote turudi."

Rehani akazizima zote isipokuwa ile ya mwisho.

"Na hiyo je?"

"Akitaka kurudi?"

Wakapanda mpaka uani gizani, wakakaa kwenye ngazi kungoja watu wa mjini. Ashatu alijifunika uso kwa kanga. Rehani aliendelea kuitazama ile nuru ndogo kati ya mizizi. Maji yaliifikia, lakini haikuzimika. Iliinuka kutoka topeni, ikafika kimo cha mkono wa mtu, ikatulia kidogo, kisha ikaenda taratibu kati ya mikoko, ikiyumba kidogo kwa kila hatua, ikizidi kwenda mbali.

"Imezimika, fundi?" Ashatu aliuliza, uso bado umefunikwa.

Rehani aliitazama bado.

"Imezimika," akasema.